Ahadi ya Mchango Isifungwe Kileleni

Barua nne nilizozichagua safari hii zinahusu watu wanaojikusanya kupanda mlima ili kuchangisha fedha za kuwasaidia wengine. Nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao.

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Sisi ni marafiki sita, wanaume wanne na wanawake wawili, tuliosoma pamoja sekondari mkoani Tanga na ambao sasa tunafanya kazi Dar es Salaam. Mwezi Septemba tunataka kupanda Mlima Kilimanjaro ili tuchangishe fedha za kununulia vitanda viwili vya kujifungulia na tangi la maji la lita 5,000 kwa ajili ya zahanati ya kijiji alikozaliwa mmoja wetu. Mwenzetu ambaye ni mhasibu amependekeza kwamba wachangiaji waahidi kiasi fulani kwa kila mita tutakayopanda, na kwamba ahadi nono zilizotolewa na wakuu wa ofisi zetu zilipwe pale tu tutakapoleta picha tukiwa sote sita kwenye kilele cha Uhuru. Anasema watu hutoa zaidi pakiwa na sharti. Tumeambiwa pia kwamba njia ya Marangu kwa siku tano ndiyo nafuu. Mmoja wetu anatumia dawa za shinikizo la damu. Je, mpango wetu umekaa sawa?
Katibu wa kikundi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, Katibu. Kinachonipendeza katika barua yako ni kwamba mmekwisha kutaja vitu: vitanda viwili na tangi la ujazo unaojulikana. Wanaoniandikia wengi husema wanataka "kusaidia jamii", na hapo mchangiaji hubaki hajui alichochangia. Hata hivyo, sharti la picha ya watu sita kileleni nakuomba mlifute kabla kadi za ahadi hazijachapwa, na nitaeleza kwa nini.

Mara ya kwanza nilipopanda mlima huo, miaka mingi iliyopita, tulikuwa wanane, nasi tulikuwa na ahadi za namna hiyohiyo. Tuliondoka kwenye vibanda vya Kibo, mita 4,720, karibu saa sita usiku, taa zikiwa vichwani, mmoja nyuma ya mwingine. Juu kidogo ya pango la Hans Meyer nilimwona mwenzetu aliyekuwa mbele yangu amesimama akihangaika na glavu. Alikuwa akijaribu kuvaa ya kushoto kwenye mkono wa kulia, akishindwa, akiitazama, kisha akianza tena vilevile. Mwongozaji alimwuliza kama kichwa kinamuuma, akajibu hapana. Akamwambia atembee hatua kumi palepale kwenye changarawe, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili. Hatua ya tatu aliyumba akalikamata bega langu. Baadaye tulikuja kujua kwamba kichwa kilikuwa kikimgonga tangu saa kumi jioni, na kwamba alinyamaza kwa kuwa mkuu wake wa kazi alikuwa ameahidi fedha za madawati arobaini endapo angefika juu. Aliteremshwa usiku uleule, akishikwa huku na huku, na asubuhi tulipopata habari zake kutoka vibanda vya Horombo, chini ya Kibo, tuliambiwa anaomba uji. (Mimi mwenyewe niligeuka Gilman's Point, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, na wala si kwa uungwana: nilikuwa nimetapika mara tatu na miguu ilikataa.)

Hewa ya kileleni, mita 5,895, ina sehemu ileile ya oksijeni iliyomo katika hewa ya pwani, ila mgandamizo wake ni mdogo, hivi kwamba kila pumzi humpa mtu takribani nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata akiwa Tanga. Ugonjwa wa milimani huanza na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi kukatikakatika, na walio wengi huishia hapo na kupona. Kwa wachache maji huanza kujaa katika mapafu, mgonjwa akahema hata akiwa ameketi, au ubongo huvimba, na hiyo ndiyo hali ya yule wa glavu. Balaa yake ni kwamba kiungo kinachoumia ndicho hichohicho kinachotegemewa kuamua kama mtu aendelee au ashuke. Kwa sababu hiyo mwongozaji hulazimika kuuliza maswali, kutazama mwendo, na kupima oksijeni kwa kile kifaa kinachobanwa kidoleni. Katika hayo yote, kitu anachokihitaji zaidi ni jibu la kweli. Ahadi inayolipwa kileleni tu inamlipa mpandaji kwa kusema uongo, na ile ya "sote sita" ni mbaya zaidi, kwa kuwa inawageuza marafiki watano kuwa wadai wa yule mmoja anayeumwa.

Fanyeni kama kamati ya harusi inavyofanya. Ahadi hutolewa, tarehe ya mwisho hutangazwa, mweka hazina huwakumbusha watu mpaka wamchoke, na fedha hukamilika kabla ya siku yenyewe. Sijapata kumsikia mtu anayezuia mchango wa harusi mpaka aone kwanza kama ndoa itadumu. Hesabu ya mita si lazima muitupe, maana inafurahisha watu: kutoka geti la Marangu hadi kilele cha Uhuru kuna takribani mita 4,000 za kupanda, hivyo anayeahidi shilingi 50 kwa kila mita ameahidi shilingi 200,000, na alipe hizo kabla hamjapanda basi. Wakuu wenu wa kazi wakisisitiza sharti, liwekeni kwenye mazoezi. Waahidi, kwa mfano, kwa kila Jumamosi ambayo kikundi kizima kitatembea kilomita 15, na hapo hakuna atakayepoteza fahamu kwa sababu ya mchango.

Kuhusu njia, nafuu ya siku tano ni ghali kuliko inavyoonekana. Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala, na vibanda hivyo vimepangwa kwa vipimo ambavyo mwili hauvipendi: Mandara uko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, yaani mita elfu moja kila usiku. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usilale juu ya pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Ongezeni angalau siku ya sita, mlale Horombo mara mbili, na ile siku ya katikati mpande hadi kwenye miamba wanayoiita ya pundamilia na kurudi. Machame na Lemosho hulaza watu katika mahema na huchukua siku sita hadi nane, lakini zina faida ya kumpandisha mtu mchana mpaka mwamba wa Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, kisha kumshusha akalale kambi ya Barranco chini ya mita 4,000. Kama mfuko unaruhusu, mimi ningekwenda siku saba kwa Machame. Kama hauruhusu, siku sita za Marangu zinatosha, na Septemba ni mwezi mzuri kwa kuwa mvua za masika zimekwisha na za vuli bado. Kwa kuwa nyinyi ni raia, ada za hifadhi mtalipa kwa shilingi na kwa kiwango kilicho chini sana ya kile cha mgeni, kwa hiyo hiyo siku moja ya kuongeza haitawafilisi.

Mwenzenu mwenye shinikizo la damu akamwone daktari wake sasa, wala asingoje Agosti, na amweleze wazi kwamba atalala juu ya mita 4,000. Wengi hupanda wakiwa na hali hiyo iliyodhibitiwa, ila uamuzi ni wa daktari anayemjua. Daktari huyohuyo ndiye wa kuulizwa kuhusu asetazolamaidi, dawa ambayo dukani huijua kwa jina la Diamox, inayosaidia mwili kuzoea mwinuko. Huongeza haja ndogo na kuchonyota vidole, na aliyewahi kudhurika na dawa za salfa asiimeze bila kuuliza. Haimpi mtu ruhusa ya kupanda akiwa anaumwa. Dawa ya anayezidiwa ni kushuka, tena mapema.

La mwisho ni fedha. Gharama za safari, yaani ada, kampuni, vifaa na bakshishi, zitoeni mifukoni mwenu, na mchango wa zahanati ukae katika akaunti yake yenye watia saini watatu, mmoja wao asiwe mpandaji. Andikeni hivyo kwenye kadi, kwa sentensi moja. Kabla ya hayo yote nendeni kwa mganga mfawidhi wa zahanati na kwa serikali ya kijiji, mkaulize vitanda vya aina gani vinahitajika, tangi litakaa wapi, na nani atajenga kizimba chake, yaani msingi wa kulibeba, kwa sababu tangi la lita 5,000 likijaa ni uzito wa tani tano na haliwekwi juu ya mbao. Jambo hili la kizimba limewaumbua wachangishaji wengi kuliko mlima.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mgumu, kama tunavyojiita sisi wapagazi wa Kilimanjaro, na nina miaka kumi na moja katika njia ya Machame. Vikundi vya hisani huja na fulana za rangi moja, wanaimba, ni watu wazuri. Lakini mara kadhaa kampuni iliyotuajiri imetuambia kwamba safari hii ni ya kusaidia watoto, kwa hiyo nasi tuchangie kwa kupunguziwa malipo. Mwaka jana nilibeba bango lao lenye vyuma, lililotolewa kwenye gari baada ya mizigo kupimwa getini. Naomba uwaambie wasomaji wako.
Mgumu, Machame

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, nami nayachapa maneno yako kama ulivyoyaandika ili wale sita wa hapo juu wayasome. Mchango ni wa hiari. Ukikatwa kwenye ujira wa mtu aliyebeba maji, mahema na chakula cha wengine, huo ni ujira uliodhulumiwa, hata uandikwe jina gani kwenye fulana.

Wapandaji hawajui ukubwa wa msafara wao. Katika njia za mahema si ajabu watu sita wakafuatana na wengine ishirini au zaidi: waongozaji, mpishi na wasaidizi wake, na wagumu, ambao huondoka kambini wa mwisho baada ya kukunja kila kitu na hufika kambi inayofuata wa kwanza. Mzigo wa mgumu hautakiwi kuzidi kilo 20, nao hupimwa kwa mizani getini. Ndiyo maana kampuni nyingi humtaka mpandaji begi lake lisivuke kilo 15. Bango lenye vyuma ni njia ya kuikwepa mizani hiyo. Kitambaa cha kawaida kinachokunjika kinaonekana vizuri tu kwenye picha, na abebe mwenye picha.

Anayetaka kupanda aiulize kampuni maswali haya kabla ya kulipa: mgumu analipwa shilingi ngapi kwa siku, anakula milo mingapi, analala katika hema gani, na anapewa nini asipokuwa na viatu wala koti la baridi. Kampuni inayojua inachofanya hujibu palepale. Kuna pia mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaojulikana kwa kifupi kama KPAP, wenye ofisi Moshi, ambao hufuatilia namna kampuni zinavyowatendea wagumu, na ni rahisi kuuliza kama kampuni fulani imo katika orodha yake. Bakshishi itangazwe mbele ya wote kwa kiasi cha kila mtu, na ikiwezekana iingie mkononi mwa kila mtu, maana bahasha moja ikipitia mikono minne hupungua njiani.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni Mzanzibari, muuguzi huku Leicester, Uingereza. Wenzangu wanne wa wodini wamenialika tupande Kilimanjaro kuchangia shirika la watoto. Waandalizi wanasema kila mtu lazima achangishe kiasi fulani cha chini, na takribani nusu yake italipia safari yenyewe. Nilipomweleza shangazi yangu wa Unguja kwa simu, alicheka sana akaniuliza, "Kwa nini usiwapelekee hao watoto nauli ya ndege, ukakaa zako nyumbani?" Sikuwa na jibu.
Muuguzi, Leicester

JIBU: Wa alaykum salaam. Shangazi yako ameuliza swali ambalo waandalizi wa safari hizi hulizunguka kwa maneno mengi, naye anastahili jibu fupi: ana haki iwapo nauli yako inatoka katika mchango.

Utaratibu uliouelezea ni wa kawaida huko Uingereza, na ukitangazwa wazi si udanganyifu. Shida ni kwamba mchangiaji anayetoa pauni 20 kwa ajili ya watoto hafikirii kwamba pauni 10 zitakwenda kwenye hema lako. Waandalizi wengi huruhusu pia njia ya pili, ambapo mpandaji hujilipia safari yote na kila senti anayochangisha huenda kwa walengwa. Ningekuwa wewe ningeichukua hiyo ya pili, au ningeacha.

Kupanda kwenyewe hakumpi mtoto chochote. Kunachofanya ni kuwaita watu, kama ngoma inavyoita, na ngoma hupimwa kwa idadi ya wanaoisikia. Mwezi Machi mwaka 2009 wasanii na watangazaji tisa wa Uingereza, akiwemo mwanamuziki Gary Barlow, waliupanda Kilimanjaro kwa ajili ya Comic Relief, shirika la hisani la huko, zikapatikana zaidi ya pauni milioni moja za kupambana na malaria. Kwa kiasi hicho gharama ya kuwapeleka watu tisa ni punje. Nyumbani nako, tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, wamekuwa wakiandaa upandaji wa Kilimanjaro wa kuchangisha fedha za kupambana na UKIMWI, na wanaoitwa kuchangia humo ni makampuni na taasisi. Mlima huo una desturi ya kubebeshwa ujumbe tangu usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopeleka bendera na mwenge juu. Basi piga hesabu yako bila aibu: wewe na wenzako wanne mnajulikana na watu wangapi, na nauli za watano ni kiasi gani? Nauli zikizidi mchango, shangazi ameshinda.

Mkiona hivyo, huko mliko ipo changamoto ya vilele vitatu ambayo Waingereza huifanya kwa ajili ya hisani, wakijitahidi kuimaliza ndani ya saa 24: Ben Nevis wa Scotland, mita 1,345, Scafell Pike wa England, mita 978, na Snowdon wa Wales, mita 1,085. Gharama ni gari la kukodi, mafuta na dereva asiyepanda, na huyo wa mwisho msimsahau, kwa sababu anayetoka mlimani usiku akashika usukani ni hatari kuliko mlima wenyewe. Kilimanjaro mnaweza kuja likizo kwa fedha zenu, na shangazi akawapokea.

SWALI: Mwanangu Mshauri, nina miaka 61 na magoti yangu si ya kusifia. Binti yangu na rafiki zake wanapanda Kilimanjaro kuchangia kituo cha watoto yatima, na watu wa kanisani kwetu wanasema watachangia zaidi nami nikionekana mlimani. Je, kuna sehemu ninayoweza kufika?
Mama wa Arusha

JIBU: Shikamoo, mama. Ipo, tena nzuri. Kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara ni mwendo wa kilomita nane hivi, saa tatu au nne kwa mwendo wa taratibu, njia ikiwa ndani ya msitu ambamo utawaona mbega na mikia yao meupe juu ya miti. Ukiwa na nguvu baada ya chakula, shimo la volkano la Maundi liko karibu, na siku isiyo na ukungu vilele vya Mawenzi na Kibo huonekana kutoka ukingoni mwake. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana kwa ada ya siku moja.

Wakati wa kwenda hutakuwa na tabu kubwa. Magoti hulia wakati wa kushuka, kwa hiyo chukua fimbo mbili na ushuke kwa hatua fupi, na beba koti la mvua hata kama Arusha kunawaka jua, kwa kuwa msitu ule hunyesha utakavyo. Binti yako na wenzake wataendelea na safari kesho yake, basi mkubaliane na kampuni mapema, kwa maandishi, kwamba mwongozaji mmoja atarudi nawe hadi getini.